Hela ya Hall katika kapu la Peramiho

Jumapili asubuhi, kengele za abasia ya Peramiho zikilia, si ajabu kumsikia mama akimhimiza mwanawe: "Shika hela ya sadaka, mwanangu, usije ukaidondosha." Kiswahili kitupu, utasema. Lakini sadaka ni Kiarabu na hela ni Kijerumani. Wakifika kanisani, neno jingine la Kiarabu, watamkuta padri mwenye jina la Kireno akiadhimisha misa yenye jina la Kilatini.

Hela ina kisa chake. Kusini mwa Ujerumani kuna mji uitwao Hall, ambao zama za kati ulipiga visarafu vya thamani ndogo. Visarafu hivyo vikaitwa kwa jina la mji: heller. Mwaka 1904 utawala wa Wajerumani ukabadili hesabu za fedha huku kwetu. Rupia, iliyokuwa ikigawanywa katika pesa 64, sasa ikawa na heller 100.

Utawala huo ukang'olewa na Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1920 shilingi na senti za Mwingereza zikashika soko. Heller ikawa haifai kununulia hata kibiriti, ila jina lake likapanda cheo. Leo mtu hutafuta hela ya kujengea nyumba! Ndivyo ilivyokuwa kwa pesa pia, neno lililotoka Bara Hindi. Vile vidogo vilivyokuwa mikononi mwa watu wa kawaida vimebaki midomoni. Rupia, kubwa lao, ndiyo iliyosahauliwa.

Kuna swali lisiloisha vijiweni: shule si Kiingereza? Hapana. Ni Schule ya Wajerumani. Neno la Kiingereza liko Zanzibar, ambako mtoto huenda skuli, kwa kuwa visiwa hivyo viliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Kwa neno hilo moja utajua nani alitawala upande upi wa bahari.

Hata hivyo, mtawala huleta neno tu. Kulipokea au kulikataa ni kazi ya wasemaji. Peramiho, kilomita kama 25 kutoka Songea mjini, ina ushahidi wa zamani zaidi. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwaka 1835, wakafika huku na mikuki yao, taratibu zao za kijeshi na lugha yao. Padri Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, alizisikiliza lugha za wenyeji kwa makini. Mwaka 1904, mwaka uleule wa heller, alichapisha Kingoni und Kisutu, uchunguzi wa lugha mbili: ya watawala Wangoni na ya raia wao.

Yeye mwenyewe hakuishi kuona mwisho wa habari hiyo. Agosti 14, 1905, akiwa askofu, aliuawa karibu na Liwale katika Vita vya Maji Maji, na mwezi uliofuata misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Kingoni kinachosemwa leo Songea kimesimama zaidi juu ya lugha ya wale raia. Wangoni, washindi wa zamani, walimezwa na lugha ya walioshindwa, wakaacha maneno kama nkosi, yaani mfalme, na nduna, yaani jemadari. Mji wenyewe wa Songea umebeba jina la nduna, Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906.

Kiingereza nacho kilipokuja hakikusalimika. Waingereza waliandika barabarani amri ya kupita kushoto, keep left. Mswahili akasikia "ki-" mwanzoni, akaona ni jamaa wa kitabu na kiti. Basi mzunguko wa barabara ukaitwa kipilefti, na vikiwa vingi ni vipilefti. Mudguard ya baiskeli ikawa madigadi. "Ma-" hiyo ikadhaniwa ya wingi, ikang'olewa, na fundi sasa anakuuzia digadi moja. Kwa Mwingereza kipande hicho hakina maana yoyote.

Pale kanisani, mtoto anadumbukiza sarafu yake kapuni. Juu yake imeandikwa shilingi. Mama alimpa hela.