Jembe la Jirani: Tarikhi ya Waliojitolea kwa Ajili ya Wakulima Katika Uganda

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, wanaume kwa wanawake: wazee wa chama wamenitaka niandike maneno machache katika kitabu hiki cha ukumbusho. Nimeona si vema kurudia khabari za majengo na za viongozi, maana hizo zimekwisha andikwa na wengine. Nimependa kukumbusha khabari za watu ambao majina yao hayamo katika mawe ya msingi, nao ni wale waliochukua majembe yao wakaenda kulima shamba la mwenzao aliyepatwa na shida, bila ya ujira. Sisi tukaao Kampala twala ndizi na maharagwe ya watu wa shamba kila siku. Basi yatupasa tujue ni nani aliyewashika mkono walipoanguka.

Kwanza tukumbuke kwamba jambo hili lina asili katika dini yetu. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, sawa na mwaka 639, ukame mkubwa uliipata Bara Arabu, na upepo ukapeperusha vumbi kama majivu, hata mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu. Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliapa kutoonja samli mpaka watu wote waipate. Aliwaandikia maliwali wake, na misafara ya chakula ikaja kutoka Sham. Tutazame mambo mawili hapa: mkubwa aliona njaa ya wadogo kuwa ni njaa yake, tena hakungoja wenye njaa wafike mlangoni kwake wakiomba.

Hapa Buganda wazee wetu, kabla ya dini kuingia na baada yake, walikuwa na dasturi iitwayo bulungi bwansi, maana yake ni uzuri wa nchi. Ngoma ilipigwa kwa mdundo ambao Waganda huusikia ukisema *saagala agalamidde*, yaani, simtaki mtu aliyelala. Watu wakatoka na majembe na mapanga, wakasafisha visima na kufyeka njia. Tena ilikuwapo dasturi nyingine, nayo haijafa: mtu akifa kijijini, majirani hawalimi mpaka maiti azikwe. Majembe yote hutulia kwa ajili ya nyumba moja. Dasturi hiyo ilimfundisha kila mtoto kwamba msiba wa jirani wasimamisha kazi yako wewe.

Lakini tusichanganye kujitolea na kulazimishwa. Zamani za ukoloni ilikuwako kazi ya oluwalo, ambayo kila mwanamume aliwajibika kuifanya au kuilipia, na ilikuwako kasanvu, kazi ya serikali ya shuruti, iliyoondolewa mwaka 1922. Watu walizichukia, na haki yao. Jembe lililoshikwa kwa hofu ya askari halina baraka ya jembe lililoshikwa kwa ajili ya mjane. Hata leo, ufalme wa Buganda, uliofutwa katika miaka ya 1966 na 1967 na kurudishwa mwaka 1993, huiadhimisha bulungi bwansi kila tarehe 8 Oktoba. Nao wajao huja kwa hiari yao.

Basi je, dasturi hizi zilitosha? Tarikhi yatujibu kwamba hazikutosha kila mara. Mwaka 1918 mvua zilikosekana, na njaa ikaenea Busoga, Teso na mahali pengine hata mwaka 1919. Vita Kuu vilikuwa vimechukua vijana wengi kuwa wapagazi, na mashamba yakabaki na wazee na wanawake. Kisha homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima ikawakuta watu wamekwisha dhoofika. Jirani atamsaidiaje jirani, na ghala zote mbili ni tupu? Ndipo ilipoonekana faida ya mhogo, ambao hustahimili jua na hukaa ardhini ukingoja, na wakulima wakahimizwa kuupanda uwe akiba. Msaada ulio bora ni ule utanguliao njaa. Ndivyo alivyofanya Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipoweka akiba katika miaka ya shibe kwa ajili ya miaka ya dhiki.

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu, nalo ni jambo ambalo wengi wetu tumeliona kwa macho. Mwaka 1982 madaktari waliutambua ugonjwa mpya huko Kasensero, kijiji cha wavuvi katika Rakai, pwani ya ziwa kubwa. Watu waliuita Silimu, kwa kuwa ulimkondesha mtu hata akabaki mifupa. Ndio UKIMWI. Ukapanda kutoka ziwani ukaingia katika mashamba ya migomba na kahawa ya Rakai, Masaka na nchi za jirani.

Mtu wa mjini aweza kudhani kwamba maradhi ni jambo la hospitali tu. Kwa mkulima sivyo. Mume akiugua, kahawa haichumwi kwa wakati wake. Mke akimwuguza, migomba haipaliliwi, nayo migomba isiyopaliliwa huzaa vishada vidogo. Mbuzi akauzwa kununua dawa, kisha baiskeli, kisha kipande cha ardhi. Baba akafa, mama akafuata, na shamba likabaki na bibi kizee na wajukuu watano. Hapo familia ikaacha maharagwe na ndizi ikapanda mhogo na viazi, si kwa kupenda, bali kwa kuwa mikono imepungua. Na mara nyingi, matanga hayajakwisha, ndugu wa marehemu huja kuidai ardhi. Nasema kwa uchungu kwamba wako Waislamu waliofanya hivyo, ilhali sheria yetu imempa mjane fungu lake na yatima fungu lake, na imemwonya kwa moto yule alaye mali ya yatima kwa dhuluma.

Katika giza hilo walitokea wenye kujitolea. Vijijini palikuwa na vyama viitwavyo munno mukabi, yaani rafiki wakati wa shida. Wanachama hutoa fedha kidogo kidogo, huweka sufuria na sahani za pamoja, na mmoja wao akifiwa huja kupika, kuchota maji na kuzika. Hapa Kampala, mwaka 1987, Bibi Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa ugonjwa huu, pamoja na wenziwe wachache, waliunda chama cha TASO ili kuwauguza na kuwafariji wagonjwa waliokimbiwa na watu.

Na Waislamu hawakukaa kitako. Mwaka 1988 madaktari wetu waliunda chama chao, Islamic Medical Association of Uganda. Mwaka 1992 chama hicho, kikiongozwa na Dokta Magid Kagimu, kilianza kuwafundisha maimamu na wasaidizi wao, wake kwa waume, katika wilaya za Mpigi na Iganga, na baadaye wilaya nyingine. Kumbukeni kwamba Mpigi ya wakati ule ilikuwa na Butambala ndani yake, kaunti ile ile waliyoachiwa Waislamu baada ya vita vya dini vilivyokwisha mwaka 1893. Wajukuu wa walioshindwa kwa bunduki walipewa vita vingine, wakavipigana kwa miguu, nyumba hata nyumba. Imamu alisema katika hotuba ya Ijumaa. Wasaidizi wakaingia majumbani, wakakaa na mgonjwa, wakamfundisha mkewe, wakawaondolea watu aibu. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikialo UKIMWI liliichapa khabari ya kazi hiyo iwe mfano kwa nchi nyingine. Walioifanya walikuwa wakulima wenyewe, waliotoka katika mashamba yao kwenda kwenye shida ya wenzao.

Balaa nyingine imekuja kwa njia nyingine. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua nyingi, mlima uliporomoka huko Nametsi, katika Bududa, ukafunika nyumba na mashamba na mamia ya watu. Majirani na watu wa Msalaba Mwekundu walichimba kwa majembe na mikono. Wengi waliosalia walihamishiwa Kiryandongo, mbali na mlima wao, wakaanza upya katika ardhi wasiyoizoea.

Ndugu zangu, katika khabari hizi zote naona jambo moja. Sisi ni hodari wa kuzika. Mtu akifa, sanda hupatikana, gari hupatikana, chakula cha matanga hupatikana. Lakini yule yule, alipokuwa hai na magugu yakimla shamba lake, alimwona nani? Kutoa sanda ni wajibu, wala simkatazi mtu. Lakini mbegu za maharagwe msimu wa mvua uanzapo, vipando vya mhogo, na vijana kumi na majembe kwa siku moja ya Jumapili, vyaweza kuichelewesha sanda ile miaka mingi.

Basi nawaomba wenye chama mambo matatu. Kwanza, zaka ya mazao ikusanywe na kugawiwa huko huko shambani kwanza. Aliyelima kwa mvua hutoa fungu la kumi, na aliyemwagilia kwa gharama hutoa nusu yake, mazao yafikapo kiwango cha sheria. Pili, kila msikiti uwe na orodha ya wajane na yatima wenye mashamba, na masheikh wasimame nao wasinyang'anywe haki yao. Tatu, vijana wetu wa mjini waende vijijini kabla ya mvua, si baada ya kilio.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu apandaye mti au mmea, kisha akala humo ndege, au mtu, au mnyama, huandikiwa sadaka. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia kwa majembe yao, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wenye kupanda. Amin.