Kizunguzungu na Jembe

Shangazi yangu alifika Katumba akiwa msichana, mwaka 1973, makazi yalipofunguliwa kwa wakimbizi waliokimbia mauaji ya 1972 kule Burundi. Amelima tangu hapo. Mwaka jana kizunguzungu kikamwangusha kwenye matuta ya mihogo. Daktari akampima, akasema ni sikio la ndani. Waliokuja kumjulia hali wakasema neno moja tu: lala, jembe liache.

London, miaka ya 1940, daktari wa masikio Terence Cawthorne aliona kinyume chake: wagonjwa walioinuka mapema na kujongea ndio waliopona haraka. Yeye na mwenzake Cooksey wakatunga mazoezi. Unaanza kitandani kwa macho tu, juu, chini. Halafu unatikisa kichwa, unarusha mpira mkono hadi mkono, mwishowe unatembea chumbani umefumba macho. Yaani unakitafuta kizunguzungu kwa makusudi! Niliposoma nilidhani mzaha. Kumbe sikio likiharibika, ubongo hujirekebisha kwa kukutana na msukosuko uleule tena na tena. Ukilala tu, utajifunzia wapi?

Nikampigia shangazi kumweleza. Akacheka sana. Eti wiki ya tatu sasa anatoroka alfajiri kwenda shambani, kashika bega la mjukuu, maana "kulala ndiko kulikonizungusha zaidi, mwanangu."

Jembe bado halibebi. Ila juzi mjukuu kaniambia bibi aligeuka nyuma ghafla kumfokea, na hakuyumba.