Mgando wa Vimishipa

Kuna ugonjwa ambao madaktari huuita TTP. Jina lake kamili, la Kigiriki na Kilatini, linataja mgando, upungufu wa chembe sahani na papura, yaani madoa ya zambarau ya damu iliyovuja chini ya ngozi. Wengi wanaoutafsiri hushika hayo madoa. Mimi sikubali. Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo hufichika. Yatafutwe kwenye kaakaa na ndani ya midomo. Mhudumu wa afya ya jamii wa Gikondo, wilayani Kicukiro jijini Kigali, akifundishwa kusaka zambarau mkononi, atampita mgonjwa aliye hoi. Napendekeza mgando wa vimishipa.

Kuta za mishipa hutoa protini ndefu iliyopewa jina la Erik von Willebrand, daktari wa Finland. Kazi yake ni kunasa chembe sahani palipo na jeraha, na kimeng'enya kiitwacho ADAMTS13 huikatakata isinase ovyo. Katika TTP, mara nyingi kinga ya mwili hukishambulia kimeng'enya hicho mpaka utendaji wake ushuke chini ya 10%; wachache huzaliwa na kasoro. Protini isiyokatwa hunasa chembe sahani kama wavu wa mtaro unavyonasa takataka, na vibonge huziba vimishipa vya ubongo, moyo na figo. Chembe nyekundu zinazojipenyeza hapo hukatika. Chembe sahani nazo zimeishia kwenye vibonge, hivyo damu inaganda huku na kuvuja kule.

Eli Moschcowitz alimweleza mgonjwa wa kwanza mwaka 1924, msichana wa miaka 16 huko New York. Bila tiba, takriban 90% hufariki.

Kigali, ugonjwa huu hujificha nyuma ya malaria: homa, macho ya manjano, kuchanganyikiwa, chembe sahani kushuka. Lakini slaidi ile ile inayotumika kutafuta vimelea huonyesha chembe nyekundu zilizokatika, mtaalamu wa maabara akiziangalia.

Tiba ya msingi ni kubadilisha plazima, pamoja na dawa za kutuliza kinga. Wakati hilo linaandaliwa, plazima ya kuongezewa huleta kimeng'enya kilichokosekana. Tangu 2016 droni za kampuni ya Zipline kutoka Muhanga husambaza mazao ya damu, plazima ikiwemo, hospitalini. Lakini anayesikia tu "upungufu wa chembe sahani" atakimbilia kuziongeza, na hizo huweza kuongeza vibonge. Hutolewa pale tu damu inapovuja kiasi cha kuhatarisha maisha.