Viungo vinavyofunguka katika fremu isiyofaa: Chanzo na tiba

Kiungo cha ukurasa wa intaneti huwa na kasoro kinapofungua habari mahali pasipokusudiwa. Msomaji hubofya neno "Michezo" kwenye orodha iliyo kushoto, akitarajia habari ijitokeze katika nafasi pana iliyo kulia. Badala yake, ukurasa mzima hubanwa ndani ya kile kipande chembamba cha orodha, nayo orodha hutoweka.

Kasoro hii ilizuka pamoja na fremu, mbinu iliyoletwa na kampuni ya Netscape katika toleo la pili la kivinjari chake, Navigator, kisha ikaingizwa katika kanuni za HTML 4.0 mwaka wa 1997. Fremu hugawa dirisha la kivinjari vipande viwili au zaidi, kila kimoja kikibeba ukurasa wake.

Chanzo ni sahili. Kiungo kisichoagizwa pa kwenda hufungua ukurasa katika fremu ile ile ambamo kimeandikwa.

Tiba huanza kwa kuipa kila fremu jina, mathalani name="habari". Kisha kiungo huelekezwa huko kwa agizo target="habari". Iwapo viungo vyote vya orodha vinaelekea fremu moja, si lazima agizo hilo lirudiwe: lebo moja ya base yenye target="habari", ikiwekwa katika sehemu ya head ya ukurasa wa orodha, hutosha. Majina sharti yalingane herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Kivinjari kisipoiona fremu iliyotajwa, hufungua dirisha jipya.

Yapo pia maagizo manne yasiyohitaji jina la fremu. Agizo _self hubakisha ukurasa katika fremu ile ile. _parent huupeleka katika fremu inayoizingira. _blank hufungua dirisha jipya. Na _top huondoa fremu zote, ukurasa mpya ukatwaa dirisha zima.

Hilo la mwisho ndilo lifaalo kwa kiungo kinachomtoa msomaji nje ya tovuti. Pasipo agizo hilo, kazi ya mwingine huonekana ndani ya mipaka ya tovuti ya kwanza, huku anwani iliyo juu ikisalia ile ile, na msomaji asijue anasoma maandishi ya nani.

Suala hilo lilifika mahakamani jijini New York, Marekani, Februari 1997. Washington Post, CNN, Dow Jones na mashirika mengine ya habari yaliishtaki TotalNews, tovuti iliyoonyesha kurasa zao ndani ya fremu zake, zikiwa zimezungukwa na matangazo yake ya biashara. Kesi ilimalizwa kwa maafikiano Juni mwaka huo: TotalNews ilikubali kuacha fremu hizo, ila ikaruhusiwa kuweka viungo vya kawaida.

Kanuni za HTML5, zilizoidhinishwa mwaka wa 2014, ziliondoa fremu hizo za kugawa dirisha. Hata hivyo, iframe, fremu inayopachikwa ndani ya ukurasa, ingali inatumika, na maagizo yale manne yangali na kazi yake. Kwa hivyo, mwenye tovuti hana budi kubofya kila kiungo kabla ya kuchapisha, akitazama mahali ukurasa unapofunguka na anwani inayosomeka juu yake.