Juma moja katika nyumba ya watu: historia ya vakansi za zamu, na somo lake kwa jamaa za Goma

Mama mmoja wa kartie ya Kyeshero alituletea simu yake tusome ujumbe. Mwanawe anaishi Ubelgiji, na hawajaonana miaka saba. Kijana alikuwa amealikwa kwenye hoteli moja, akanyweshwa kahawa, akaonyeshwa picha za bahari. Kisha akaambiwa anunue juma moja kila mwaka katika nyumba ya Visiwa vya Kanari, huko Uhispania. Asipotaka kwenda Kanari, walimwambia, atalibadilisha lile juma na kwenda kupumzika Mombasa. Ndipo akamwandikia mama yake: "Mama, Goma siwezi kuja kwa sasa. Lakini tunaweza kuonana Mombasa."

Mama alituuliza maswali mawili: "Papa, hiyo ni kweli ao ni uongo? Na kama ni kweli, mtoto achague namna gani?"

Tumeona wasikilizaji na wasomaji wengine pia wana watoto na ndugu ng'ambo, na wanaota siku ya kukutana. Kwa hiyo tunajibu hapa. Jambo hili linaitwa taimushea. Sisi tutaliita juma la zamu. Ni la kweli, si ndoto. Ila lina historia, na kabla ya kuieleza tuanze na historia ya ziwa letu. Goma nao uliwahi kuwa mji wa kupumzikia, na tumeona karatasi za nyumba za vakansi zinavyoweza kugeuka.

Walipokuwa wanapumzika hapa

Mpaka unaotugawa na Gisenyi ulipatanwa mwaka 1910 kati ya wakubwa wa Ulaya. Tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji alianzisha hifadhi ya wanyama iliyobeba jina lake, ya kwanza ya taifa katika Afrika. Leo tunaiita Virunga. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa ardhi kubwa ili kuvuta walowezi wazungu. Hali ya hewa ya baridi kidogo, ziwa lisilo na mamba, milima ya moto na sokwe viliwavutia. Wakajenga nyumba kandokando ya maji, hapa Goma na kule Bukavu, ambao wakati ule uliitwa Costermansville.

Wazee wetu waliingia katika nyumba hizo kama wapishi, wafuaji na walinzi. Neno vakansi tulilipata kwa Kifaransa cha watu tuliowabebea mizigo. Baada ya uhuru wa 1960 walikuja wengine. Mobutu naye akajenga jumba kando ya ziwa, na watalii wakaendelea kupita mjini wakielekea Rwindi kuona viboko na simba.

Kisha ukaja mwaka 1973. Tarehe 20 Julai ilitoka sheria ya ardhi, ambayo hata leo ndiyo msingi wa kila parseli: udongo ni mali ya Leta peke yake. Mwananchi hupewa haki ya kuutumia bila kikomo, na mgeni hupewa haki ya muda, miaka 25 inayoweza kurudiwa. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na kazi nyingi za wageni zitakabidhiwa Wazairwa. Mtu aliyelala akiwa na duka aliamka akiwa mpangaji ao msafiri. Biashara nyingi zilikufa mikononi mwa waliozipokea bila mtaji wala ujuzi, na kufikia 1976 serikali ikaanza kuwaita baadhi ya wenyewe wa zamani warudi.

Kwa hiyo hapa kwetu tulijifunza mapema kwamba karatasi ya nyumba inasimama juu ya kitu kingine: sheria, serikali, njia, amani. Kikitikisika hicho, karatasi nayo inatikisika.

Walipogawa nyumba kwa majuma

Wakati hayo yakitendeka kwetu, Ulaya na Marekani zilikuwa zinazaa wazo jipya. Mwaka 1963 huko Uswisi ilianzishwa kampuni ya Hapimag. Watu walinunua hisa, na kwa hisa hizo wakapata siku za kulala katika nyumba za kampuni. Mwaka 1967 huko Ufaransa, kwenye kituo cha michezo ya theluji cha SuperDévoluy, wenye kujenga walianza kuuza vipindi: badala ya kupanga chumba kila mwaka, mteja alinunua muda wake ndani ya jengo.

Halafu ikaja shida ya mafuta ya 1973. Huko Florida, Marekani, wajenzi walibaki na nyumba za pwani zisizo na wanunuzi. Wakafanya hesabu: nyumba moja ina majuma 52 kwa mwaka. Ukiliuza kila juma kwa mtu wake, nyumba isiyonunuliwa na mmoja itanunuliwa na hamsini.

Sisi tunaweza kuielewa hesabu hiyo upesi kwa sababu tuna likelemba. Watu kumi wanaweka makuta pamoja, kila mmoja anapokea kwa zamu yake. Lakini angalieni tofauti. Katika likelemba unazijua sura zote kumi, na zamu ikizunguka yote unaweza kutoka. Katika juma la zamu hujui wenzako 51, fungu la fedha linashikwa na kampuni, na mikataba mingi iliandikwa bila siku ya mwisho.

Watu walichoka haraka kurudi palepale kila mwaka. Kwa hiyo mwaka 1974, mjini Indianapolis, Jon na Christel DeHaan walianzisha RCI, kampuni ya kubadilishana majuma. Mwaka 1976 ikafuata Interval International. Kazi yao ni kama soko. Wewe unaweka juma lako, mwingine anaweka lake, kila mmoja anachukua la mwenzake ao la mtu wa tatu. Unalipa ada ya uanachama, na kila ukibadilisha unalipa ada nyingine.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Juma halibadilishwi na juma lolote. RCI ilikuwa inapaka majuma rangi: jekundu ni la msimu unaotafutwa sana, jeupe ni la katikati, la buluu ni la msimu usiotakwa. Ukubwa wa nyumba unahesabiwa pia, pamoja na sifa ya mahali na mapema uliyoliweka sokoni. Mwenye juma la buluu katika chumba kidogo hawezi kudai nyumba ya pwani wakati wa Noeli. Muuzaji anakuonyesha picha ya Mombasa, lakini unachonunua ni nguvu ya kuomba Mombasa.

Tuseme lingekuwa juma la Goma

Ili jambo hili lieleweke vizuri, tufanye hesabu ya kuwaza tu. Tuseme mwaka 1975 mtu alinunua juma la Julai katika nyumba ya kando ya ziwa hapa Goma. Wakati huo lingekuwa jekundu: jua, ziwa, volkano, na barabara ya kwenda Rwindi.

Januari 1977 Nyiragongo ilitapika kwa mara ya kwanza machoni mwa watu wa kizazi hicho. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja waliingia kwa siku chache, na kipindupindu kikafuata. 1996, vita. Januari 17, 2002, moto wa mlima ulipita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia ziwani. Watu zaidi ya laki moja wakabaki bila nyumba. Utalii ukarudi polepole, hata mahema yakawekwa kwenye kisiwa cha Tchegera. Mei 2018 hifadhi ikafunga milango kwa watalii baada ya mlinzi kuuawa na wageni kutekwa. Ikafunguliwa 2019, ikafungwa tena 2020 kwa Korona. Mei 22, 2021, mlima ukatapika tena. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ukaingia mikononi mwa M23, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga. Februari kambi zilizouzunguka mji zikavunjwa, na ninyi mliokuwa ndani mnajua mlikotembea na magodoro kichwani.

Katika miaka yote hiyo mwenye lile juma angeendelea kupokea barua ya malipo. Nyumba ya zamu ina ada ya matunzo kila mwaka, ulale ndani ao usilale: mlinzi, maji, paa, bustani, kodi. Ada hiyo kwa kawaida hupanda. Na wa kumuuzia angempata wapi? Mkataba ungekuwa hai, na mahali penyewe pasifikike.

Kanari si Goma, kweli. Lakini hata huko kwenye amani watu walinaswa. Majuma mengi yaliyonunuliwa kwa maelfu ya dola yamekuja kutangazwa kwa dola 1 tu, ili mradi mtu mwingine achukue deni la ada. Wengine walirithisha watoto wao deni hilo.

Sheria zilizokuja kwa machozi

Malalamiko yalikuwa mengi mpaka serikali zikaingilia. Afrika Kusini ilitunga sheria yake 1983, Uingereza 1992. Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni mwaka 1994, ukazikaza 2009: mnunuzi ana siku 14 za kujiondoa bila kutoa sababu, na muuzaji hana ruhusa ya kupokea hata senti moja katika siku hizo. Uhispania, kwa sheria ya 1998, iliweka kikomo cha miaka 50, na kuanzia 2015 Mahakama Kuu ya huko ilianza kufuta mikataba isiyo na mwisho.

Wezi nao walifuata harufu. Wanampigia mwenye juma wakisema mnunuzi amepatikana, atume kwanza makuta ya kodi na karatasi. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Mexico waliounganishwa na genge la dawa za kulevya kwa wizi wa namna hiyo.

Alichoandikiwa kijana

Tulikaa na mama, tukaandika maswali haya, naye akamtumia mwanawe. Atakayenunua juma la kwanza na ayaulize kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kwanza, je, ungefurahi kwenda mahali hapo penyewe kila mwaka, hata kama kubadilisha kungeshindikana? Kama hapana, usinunue. Kubadilisha ni nyongeza, si msingi.

Pili, ada ya matunzo ilikuwa ngapi kila mwaka kwa miaka mitano iliyopita? Waonyeshe karatasi, wasikwambie kwa mdomo.

Tatu, mkataba unaisha lini, na ukitaka kutoka unatokaje?

Nne, juma hili ni la msimu gani, na limeandikishwa katika soko gani la kubadilishana? Katika soko hilo, nyumba za Mombasa ni ngapi, na kwa tarehe ambazo wewe una likizo?

Tano, majuma ya namna hiihii yanauzwa bei gani na wenye kutaka kuyaacha? Ukipata lilelile kwa bei ndogo, kwa nini ununue la hoteli?

Sita, wanakuruhusu kwenda na mkataba nyumbani uusome? Anayesema bei hii ni ya leo tu, mwachie leo yake.

Na swali la saba ni letu sisi watu wa huku, kwa sababu muuzaji wa Ulaya hataliuliza: mama atafikaje? Juma la zamu halitoi paspoti wala tiketi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kenya iliwaondolea Wakongomani viza mwaka 2023. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini paspoti bado inahitajika, na mnakumbuka mwaka 2015 ilivyopanda hadi dola 185. Jamaa iliyotoka kambini bila hata karatasi za kuzaliwa za watoto ina safari ndefu kabla ya bahari.

Jibu lilirudi siku ya tatu. Alipoomba kwenda na mkataba nyumbani, waliokuwa wakicheka naye waliacha kucheka. Hakutia sahihi. Alipiga hesabu ya ada ya mwaka mmoja, ya uanachama na ya kubadilisha, akakuta zinakaribia bei ya kupanga vyumba viwili Mombasa kwa juma zima, bila mkataba wowote.

Hatusemi kila juma la zamu ni mtego. Kuna jamaa huko Ulaya na Marekani wanaorudi nyumba moja kila mwaka kwa miaka ishirini, na wanaridhika. Hao walinunua mahali wanapopapenda, wanapofika kwa urahisi, na ada wanaimudu. Kwa jamaa iliyotawanyika kwa vita, ambayo haijui mwaka kesho itakuwa wapi, mkataba wa miaka hamsini ni mzigo wa kufikiriwa mara mbili. Panga kwanza, mwonane kwanza. Kununua kunaweza kungoja.

Mama wa Kyeshero ameshaanza kutafuta paspoti. Mwanawe ametuma makuta ya kwanza, na kikundi chake cha likelemba kimekubali ampishe mwenzake, ili apokee zamu yake mwezi wa sita.