Joto ndilo mwamuzi wa mota ya gari la mashindano

KATIKA mashindano ya magari madogo yanayoongozwa kwa redio, gari linaloondoka kwa kishindo silo ambalo hutangulia kumaliza kila mara. Mbio nyingi za magari ya umeme ya kipimo cha 1:10 huchukua dakika 5 tu, lakini muda huo unatosha kuiharibu mota iliyorekebishwa kwa pupa.

Mota inayotumika sana siku hizi haina brashi. Nyaya za shaba zimezungushwa ndani ya gamba lisilosonga, nayo sumaku huzunguka katikati. Mota hutambulishwa kwa idadi ya mizunguko ya waya, mathalan 21.5, 17.5 au 13.5. Mizunguko ikipungua, kasi huongezeka na umeme mwingi zaidi hutumika. Katika madaraja ambayo washindani wote hulazimika kutumia mizunguko sawa, ushindi hutafutwa katika mambo mawili: taimingi na gia.

Taimingi ni kule kuutanguliza umeme kwenye waya kabla sumaku haijafika mahali pake. Hupimwa kwa digrii, na katika mota nyingi hurekebishwa kwa kuzungusha kifuniko cha nyuma. Ikiongezwa, mota huzunguka kwa kasi zaidi, ila nguvu ya kuondokea hupungua na joto hupanda.

Gia nayo ina hesabu yake. Gia ya mota yenye meno 26 ikiendesha gia kubwa yenye meno 78, mota huzunguka mara 3 ili ile kubwa izunguke mara 1. Kuongeza jino moja kwenye gia ya mota huzidisha kasi ya mwisho, lakini huitwika mota mzigo. Kwa hivyo, anayeongeza taimingi aghalabu hulazimika kupunguza meno.

Hasara ya joto si ndogo. Shaba ikipata moto huzuia umeme zaidi, na sumaku za kawaida za neodimiamu zaweza kuanza kupoteza nguvu zikikaribia nyuzi 80 za selsiasi. Sehemu ya nguvu hiyo hairudi hata mota ikipoa.

Fundi mwangalifu hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, huendesha gari dakika 2, hupima joto papo hapo, kisha huandika matokeo daftarini. Aidha, hupima upya jua likipanda, kwani marekebisho yaliyofaa asubuhi yanaweza kuiunguza mota adhuhuri.