Darasa la saba (Tanzania)

Darasa la saba ni mwaka wa mwisho wa elimu ya msingi Tanzania Bara, na pia ni kiwango cha elimu cha mtu aliyeishia hapo. Wanafunzi hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Wanaofaulu huchaguliwa kuingia kidato cha kwanza.

Azimio la Musoma la 1974 lilihimiza elimu ya msingi kwa wote, na mpango huo ukaanza kutekelezwa nchini kote mwaka 1977. Kwa kuwa shule za sekondari zilikuwa chache, wengi wa kizazi hicho waliishia darasa la saba. Mwaka 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne.

Kiwango hiki huamua ajira. Mwaka 2004 cheti cha kidato cha nne kilifanywa sharti la kuingia utumishi wa umma. Mwaka 2018, baada ya watumishi wengi kuondolewa kazini kwa kukosa cheti hicho, serikali iliagiza warejeshwe watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004. Kwa upande mwingine, Katiba humtaka mgombea ubunge ajue tu kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi hadi miaka sita na kuifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi.